Maswali ya Kemia: Mbona Atomu Inapungua Huku Elektroni Zikiongezeka?

Mwalimu, kutoka sodiamu hadi klorini elektroni zinaongezeka. Mbona atomu inazidi kuwa ndogo? (Kidato cha pili, Kayole)

Mwanangu, umehesabu elektroni ukasahau kiini, yaani kitovu cha atomu chenye protoni zinazozivuta. Sodiamu ina protoni 11, klorini 17. Elektroni zinazoongezeka njiani zote huingia ganda (tabaka la elektroni) lile lile la tatu, na elektroni za ganda moja hazikingani vizuri dhidi ya mvuto wa kiini. Basi zile protoni sita za ziada huvuta kundi zima ndani. Ganda jipya huanza ukifika potasiamu, na hapo atomu hutanuka ghafla.

Tumefundishwa kwamba nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza hupanda tukienda kulia kwenye jedwali la elementi. Mbona alumini iko chini ya magnesiamu? (Kidato cha tatu, Umoja)

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana humnasa anayekariri. Magnesiamu hudai takriban kilojuli 738 kwa moli, alumini 578 tu. Ndani ya ganda la tatu mna maganda madogo: s, kisha p ambalo liko juu kidogo kwa nishati. Magnesiamu imejaza s kwa elektroni mbili. Elektroni ya 13 ya alumini huingia p ikiwa peke yake, tena zile mbili za s zinaikinga isivutwe sana. Kuing'oa huwa rahisi. Kwenye mtihani, tafadhali, usiandike "ndivyo jedwali linavyoonyesha". Eleza protoni ni ngapi, elektroni iko mbali kiasi gani, na nani anaikinga.

Kwa nini potasiamu ina fujo majini kuliko sodiamu? (Kasarani)

Elektroni yake ya nje iko ganda la nne, ile ya sodiamu la tatu. Huachiliwa upesi: kilojuli 419 dhidi ya 496. Hidrojeni inayotoka hushika moto papo hapo, kwa mwali wa zambarau hafifu.

Binti yangu asema magadi ninayotia kwenye githeri yana sodiamu inayolipuka majini. Niyatupe? (Mama, Kawangware)

La, mama, pika tu, ila tia kidogo. Yakizidi chakula huonja sabuni. Magadi ni hasa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, kama yale ya Ziwa Magadi, kusini magharibi mwa Nairobi. Sodiamu iliyomo ilishapoteza elektroni yake ya nje, ikawa ayoni, kwa hiyo haina tena elektroni ya kuyapa maji. Ile ya maabara, inayotunzwa ndani ya mafuta, ndiyo bado inayo.