Usaili wa Waimbaji: Kwa Nini Sasa Husikiliza Nikiwa Nimewapa Mgongo

Kwa miaka mingi ya ualimu wa kwaya niliamini kwamba sikio langu halidanganyiki, hadi jioni moja niliposikiliza rekodi ya usaili na kumsikia kijana niliyemteua kuongoza sauti ya tatu akishuka karibu kila mwisho wa mstari. Siku ya usaili kosa hilo sikulisikia hata mara moja. Nilichokumbuka ni kifua kilichoinuliwa, mikono yenye hisia na uso wa mtu anayejua alifanyalo.

Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia silabi "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga", mara nyingi husikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Hata akishaelezwa siri hiyo, akiitazama tena midomo "da" hurudi, kwa kuwa ubongo huunganisha habari za macho na za masikio kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuamua lolote. Katika muziki, Michael Schutz na Scott Lipscomb walieleza mwaka 2007 kwamba mpiga marimba akiupeleka mkono kwa mwendo mrefu, watazamaji huisikia noti kuwa ndefu zaidi, ingawa sauti yenyewe haijarefuka. Lililonitia aibu zaidi ni utafiti wa Chia-Jung Tsay wa mwaka 2013: waliotazama video za mashindano ya muziki bila sauti waliwatambua washindi vizuri kuliko waliosikiliza sauti peke yake, na wanamuziki wenye taaluma hawakuwa tofauti.

Kwa hiyo ninakushauri, mwalimu mwenzangu, usikilize kwanza ukiwa umewapa waimbaji mgongo, uandike alama zako, kisha ndipo ugeuke. Usizifute zile za kwanza, hata moyo ukikusukuma.

Baada ya uteuzi, hata hivyo, macho yarudishiwe kazi yake. Tangu mwaka 1954 Sumby na Pollack walipoonyesha kwamba kuuona uso wa msemaji husaidia kuyaelewa maneno penye kelele, hakuna sababu ya waimbaji kuzika nyuso ndani ya madaftari, hasa katika makanisa yetu yenye mwangwi na spika zinazokoroma. Kwaya ikikaa mbali na kinanda, waimbaji waufuate mkono wako, kwa sababu sauti hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kusafiri mita 34, na ucheleweshaji huo unatosha kuvuruga mapigo, ilhali mkono huonekana papo hapo.

Kijana yule bado yumo katika sauti ya tatu, ila nimemsimamisha katikati ya wawili wenye sikio imara. Wageni huniuliza kila mara kwa nini simpi solo.