Jibu: Mashine ya presha ya mama inatoa namba tofauti

Habari dada, pole kwa kuuguza. Umesema mashine inakupa 168/94, dakika mbili baadaye 139/82, hujui uamini ipi.

Kabla ya kubadilisha betri, angalia mkanda. Mama yangu ana mkono mnene, na mkanda uliokuja na mashine ulikuwa mdogo, ukawa unapandisha namba kila siku. Pima unene wa mkono juu ya kiwiko kwa futi ya cherehani, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Usifunge juu ya nguo.

Pia nilikuwa nampima kitandani, miguu ikining'inia, huku akinisimulia habari za jirani. Sasa anakwenda haja ndogo kwanza, anakaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 kimya, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Napima mara 2, nikiacha dakika 1 katikati, naandika zote kwenye daftari lake la kliniki.

Siku ya kliniki beba mashine, mwombe nesi ailinganishe na yao. Dawa siwezi kukushauri, hilo muulize daktari. Ila ikivuka 180/120 na kifua kinabana au mdomo unapinda, usirudie kupima, mkimbize hospitali.