Kubebana Mlimani bado kupo?

SWALI: Shikamoo dada. Mdogo wangu kapata chuo UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mie nilisoma pale enzi za kubebana, yaani mnalala wawili kitanda cha futi tatu mmoja kichwa huku mwingine kule, sa hivi hali ikoje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kumebadilika sana aisee, 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, halafu 2018 ikaja maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, inaingia vitabu laki nane! Ila vitanda havitoshi wote, aombe mapema, na mtengeeni hela ya kupanga geto Changanyikeni, jirani na chuo.