Mashine ya gundi ya moto ikigoma, soma kwanza kabla ya kuriseti

Taa nyekundu ikiwaka kwenye mashine ya kuyeyushia gundi, kidole cha opereta huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuriseti. Namwelewa. Laini imesimama, maboksi yanarundikana na msimamizi anauliza kulikoni. Tatizo ni kwamba mashine nyingi, hasa za zamani, zikizimwa na kuwashwa upya hufuta ujumbe uliokuwa kwenye kioo. Fundi anayeitwa baadaye anakuta mashine inayoonekana nzima, kisha nusu saa mbele inagoma tena.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi ni hili: usiguse kitu kabla hujaandika namba ya hitilafu, sehemu iliyotajwa, na joto linalosomeka kila mahali. Picha ya simu inatosha.

Nasema "kila mahali" kwa sababu mashine hizi hazina joto moja. Tangi lina hita yake na sensa yake, kila hosi (bomba linalopeleka gundi) ina zake, na kila bunduki (kichwa kinachotoa gundi) ina zake. Hitilafu ya hosi namba mbili haikupi sababu ya kufungua tangi.

Tuanze na sensa, maana ndiyo inayosumbua zaidi kwa uzoefu wangu. Kioo kikionyesha joto lisilowezekana, au likiruka kutoka nyuzi 170 hadi juu kabisa kwa kufumba na kufumbua, gundi haijachemka ghafla. Chuma kizito hakipati moto kwa kasi hiyo. Huo ni waya wa sensa uliokatika, na kwa mashine upinzani wa umeme usio na mwisho ni sawa na joto kubwa mno. Waya zikigusana, kinyume chake hutokea. Zima umeme, chomoa plagi, upime upinzani wa sensa kwa multimita. Sensa ya Pt100, yaani ya platinamu, inatakiwa isome omu 100 kwenye nyuzi 0, karibu 108 kwenye nyuzi 20, na karibu 165 kwenye nyuzi 170. Kuna mashine zinazotumia sensa ya nikeli inayoanzia omu 120 kwenye nyuzi 0. Hizi mbili usizibadilishane hata kama zinaingia tundu moja. Ukiweka Pt100 kwenye mashine iliyopangwa kwa nikeli, itadhani gundi bado ya baridi na itaendelea kuchoma.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji hata multimita. Kama una hosi mbili za aina moja, zima umeme, badilishana plagi zake kwenye mashine, kisha washa. Hitilafu ikihama pamoja na hosi, ubovu uko kwenye hosi au bunduki yake. Ikibaki kwenye tundu lile lile, ubovu uko ndani ya mashine: waya, fyuzi au kadi ya elektroniki. Ila hapa pana mtego. Waya za bunduki kwa kawaida hupita ndani ya hosi, kwa hiyo mashine ikilalamikia sensa ya bunduki, mara nyingi bunduki haina kosa lolote. Pima kwenye bunduki yenyewe, halafu pima kwenye plagi ya upande wa mashine huku mwenzako akiikunja hosi taratibu. Namba zikichezacheza, umempata mwizi. Waya hukatika pale hosi inapojikunja sana, karibu na viungio vyake.

Joto lisilopanda ni rahisi zaidi. Kagua fyuzi, kisha pima hita. Hita ya vati 1000 kwa umeme wa volti 230 inatakiwa isome karibu omu 53. Isiposoma chochote, imekatika. Lakini kabla hujafika huko, muulize opereta kama amejaza tangi sasa hivi. Ukimwaga gundi baridi nyingi kwa mpigo, joto hushuka chini ya kikomo na mashine hupiga kelele ikiwa nzima kabisa. Jaza kidogo kidogo, na tangi lisishuke chini ya nusu. Feni inayopuliza moja kwa moja kwenye bunduki nayo huleta malalamiko hayo hayo.

Joto lililozidi halitaki mchezo. Relei za kielektroniki, yaani swichi zinazowasha na kuzima hita, zikiharibika huwa na tabia ya kubaki zimefunga, yaani umeme unaendelea kwenda kwenye hita hata mashine inapoamuru isimame. Kinachookoa hapo ni kile kikata joto cha dharura. Nimeona watu wakikiruka kwa kipande cha waya ili kazi iendelee, nami siwezi kukaa karibu na mashine ya namna hiyo. Weka mita ya kubana, ile inayopima mkondo kwa kuuzunguka waya, kwenye waya wa hita: kama mkondo unapita wakati mashine inasema hita imezimwa, badilisha relei kwanza, kuriseti kutafuata.

Ikiwa hakuna taa yoyote lakini gundi haitoki, tazama chujio na nozeli. Gundi iliyoachwa kwenye joto kamili usiku kucha huungua na kuwa makaa meusi yanayoziba. Punguza joto mashine inapokuwa haifanyi kazi. Na usifungue chochote kabla ya kutoa presha, hata kama pampu imesimama. Vaa glavu za joto na kinga ya uso. Gundi ikimwagikia ngozi, tia sehemu hiyo chini ya maji ya bomba mara moja, usiibandue, nenda hospitali.

Baada ya kurekebisha, riseti mara moja tu, kisha simama uangalie saa. Hitilafu ikirudi papo hapo, kuna waya uliokatika au uliogusana. Ikirudi baada ya dakika kadhaa za kupasha, chunguza hita na umeme unaoifikia. Ikirudi pale tu mkono wa mashine unaobeba bunduki unapoanza kutembea, funga kabati la umeme, uende ukakague hosi.