Utafiti ukiwa mwanafunzi wa MMed radiolojia (shahada ya uzamili ya tiba, fani ya picha za mwili): uanze lini?

Daktari, umeuliza tasnifu ianze lini pale Makerere. Mwaka wa kwanza! Mafunzo ni miaka 3 tu, na kibali cha kamati ya maadili hula muda mrefu. Ukikadiria ni asilimia ngapi ya wagonjwa wana tatizo fulani, na kiwango hakijulikani, fomula ya Kish (ya kukokotoa ukubwa wa sampuli) inadai wagonjwa 384 (asilimia 50, kosa asilimia 5), basi hesabu kwanza kwenye rejista ya CT (kipimo cha picha za mwili kwa mionzi) kama wapo. Picha zisomwe na wataalamu 2 wasioonyeshana majibu, kisha pima kappa (kipimo cha jinsi wanavyokubaliana). Kwenye ultrasaundi jina la mgonjwa mara nyingi huchapwa ndani ya picha yenyewe. Kufuta taarifa za faili hakutoshi, liziba jina hilo kwenye picha. Upande wa huduma, omba ukaguzi wa dozi za CT idarani: unawasaidia wagonjwa na unapata data.