Kuvunja bondi hakutoi joto

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba kuvunja bondi za kemikali, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomu, kunahitaji nishati. Mbona basi gesi ikiungua inatoa joto? Si bondi zake ndizo zinazovunjika?

JIBU: Zinavunjika, mwanangu, ila hiyo ni nusu ya habari. Atomu zikishaachana huungana upya, na kila bondi mpya inapoundwa hutoa nishati. Joto unalohisi ni tofauti ya hesabu hizo mbili.

Chukua haidrojeni na klorini. Kuvunja moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe nyingi mno) ya bondi za H–H, yaani za haidrojeni, kunagharimu kilojuli 436 hivi. Za Cl–Cl, 242. Jumla 678. Kisha zinaundwa moli mbili za H–Cl, kila moja ikitoa 431, yaani 862. Ile ziada ya 184 ndiyo joto. Hata hivyo, mchanganyiko huo ukikaa gizani hutulia tu. Upige mwanga mkali uvunje bondi za klorini, nao hulipuka. Ndiyo maana siyapendi maneno "nishati iliyofungiwa ndani ya bondi", japo yanarudiwa kila mahali.

Kuna na kinyume chake. Darasani nilipenda kukoroga fuwele za bariamu haidroksaidi na amoniamu kloraidi ndani ya bika (chombo cha kioo cha maabara) iliyokaa juu ya kibao chenye maji. Mmenyuko ule hufyonza joto hadi maji yanaganda, ukiinua bika kibao kinakuja nacho. Usiujaribu peke yako: bariamu ni sumu, na amonia inayotoka itakuchoma pua.