Maswali yenu ya Lisbon, na dhahabu mnayoipita

Likizo zinakaribia na barua nyingi mwezi huu ni za wanaoenda Lisbon kwa mara ya kwanza. Nimechagua chache. Walioniuliza hali ya hewa, simu mnazo.

Siku tatu zinatosha? (Msomaji, Tanga)

Zinatosha, mradi usizijaze na Sintra, Porto na Fátima kama anayehesabu vituo vya basi.

Tramu namba 28 inapandiwa wapi? (Nairobi)

Hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Inaanzia Martim Moniz. Utapanga foleni juani muda mrefu, kisha utasimama umebanwa na watalii wenzako pamoja na wezi wa mfukoni, ambao njia hii ni shamba lao. Simu iliyo mfuko wa nyuma ihesabu imeshauzwa. Tena huo ni usafiri wa watu: bibi wa mtaa wa Graça anayerudi na kikapu chake anaachwa kituoni kwa sababu ninyi mnapiga picha. Ukiona lazima upande, panda kabla ya saa mbili asubuhi. La sivyo fuata reli kwa miguu, utaona zaidi.

Na kabla hamjauliza: lifti ya Santa Justa, ile ya chuma ya mwaka 1902, juu yake kunafikika kwa miguu kupitia uwanja wa Carmo. Hapo hapo kuna kanisa lisilo na paa. Paa liliporomoka katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na halikujengwa tena. Wanaoshuka kwenye lifti wengi hawageuzi hata shingo.

Nibebe viatu gani? (Arusha)

Vyenye soli inayong'ang'ania. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Visigino virefu viache kabatini.

Kaburi la Vasco da Gama linafaa kutembelewa? (Malindi)

Swali kutoka Malindi, basi nitalijibu kwa kirefu. Kaburi lipo mtaa wa Belém, ndani ya kanisa la watawa la Jerónimos, ukiingia tu mlangoni. Ujenzi ulianza mwaka 1501, na sehemu ya gharama ililipwa na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba, matumbawe na mimea ya baharini, na uzuri wake siwezi kuukana. Nenda, piga picha.

Ila usiishie hapo, na hapa ndipo mnaponiudhi. Panda basi hadi Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes, ukishahakikisha ipo wazi (Jumatatu usijisumbue). Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha kuwekea Ekaristi, cha dhahabu, kilichofuliwa na Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel I na kukamilika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka. Dhahabu yenyewe ni ya Kilwa: da Gama alifika na merikebu zake mwaka 1502, akamtishia sultani, akaondoka na kodi. Maandishi kwenye kitako yanaitaja Kilwa waziwazi, hawakuficha. Kodi ililipwa, na bado mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja akaipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Nimekutana na watu wa pwani waliokwenda Lisbon mara nne wasiijue dhahabu hiyo, lakini mistari ya foleni ya vitumbua vya mayai wanaikumbuka kwa moyo.

Nimeletewa mkate na zeituni bila kuagiza, nikalipishwa. Si wizi huo? (Doha)

Si wizi, ni desturi yao. Usichokitaka kirudishe kabla hujakigusa. Wewe umekula, tena umemaliza, kisha unaniandikia.

Chakula halali kinapatikana? (Zanzibar)

Tele. Zunguka Martim Moniz na Mouraria, Wabengali wanapika vizuri. Mouraria ndiko Waislamu walikobakishwa baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Na Alfama, mtaa mnaousifia, jina lake ni la Kiarabu, la chemchemi za maji moto. Ni ndugu wa hamamu zenu.

Viza? (Wengi mno)

Schengen. Omba mapema, na tiketi isiyorudishwa hela usiinunue kwanza.

Kila kona kuna kibao cha "Igreja". Ni gereza? (Mombasa)

Ni kanisa. Neno letu gereza linatokana na hilo la kwao, na ninyi wenye Fort Jesus, iliyokuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, mnaweza kukisia lilivyobadilika. Ingia bila hofu, wanakuruhusu kutoka.